Bata Bukini wa Bibi Pang

Kwa miaka thelathini Wen Ruilan alitarizi mjini Suzhou bila kazi yake hata moja kurudishwa, na wenzake aliwakumbusha jambo hilo kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo siku Bibi Pang, mke wa liwali, alipoingia karakanani na uso uliokunjamana, Dong Caiyun, fundi aliyeketi jirani na Ruilan, aliweka sindano chini asije akakosa neno.

Bibi Pang akatandaza majoho mawili mezani, la mumewe na lake. Kifuani pa kila moja alikuwapo bata bukini wa hariri, ndege wa cheo cha nne, akilitazama jua jekundu.

"Mama Wen, kwani mimi na mume wangu tumegombana?"

"Hasha, bibi! Nani kasema?"

"Bata wako. Adhuhuri hii tunakaa kuchorwa picha. Wake ananitazama, wangu anampa mgongo! Wajukuu watakaoifukizia udi picha hiyo watasemaje?"

Ruilan akayaangalia majoho yote mawili. Alikuwa amenakili ndege wa mume, akasahau kumgeuza wa mke ili wakabiliane. Kosa la mwanagenzi! Na bata mwingine ni kazi ya siku ishirini.

"Miaka thelathini," Caiyun akanong'ona.

"Funga mdomo, nifikiri."

Akashika mkasi. Ndege hutariziwa kwenye kipande chake, kisha hupachikwa johoni, ili mume akipanda cheo abadilishwe ndege tu. Ruilan akafumua kingo, akambandua bata. Tangu ujana wenzake walimcheka kwa kuficha kila fundo na kuupamba upande wa ndani sawa na wa nje. "Huko nyuma unamtarizia nani, chawa?" Caiyun alizoea kumuuliza.

Ruilan akampindua bata. Upande wa ndani uling'aa vilevile, unyoya kwa unyoya, ila sasa uso umeelekea kwa mume. Jua, lililokuwa limepachikwa upande wa nje tu, akalihamishia upande huu mbele ya ndege, akakishona kipande johoni.

Bibi Pang akayalaza majoho sambamba. Ndege wakatazamana. Akacheka hadi akashika meza.

"Haya, huyu ni mke! Ila usimkaze sana. Bwana akiniudhi, nitamleta umgeuze tena."

Alipotoka, Caiyun akasogeza kigoda karibu.

"Dada, hebu nionyeshe. Fundo unalifichaje?"

"Waulize chawa," Ruilan akasema, huku akimpisha mahali penye mwanga.