Zamu ya Verna

Zilibaki siku kumi waondoke Pátzcuaro, kule Mexico, na Verna alikuwa ameshalifunga begi lake la kwanza mara tatu. Mara tatu, kwa sababu kila akilifunga, Orvil alilifungua akitafuta kitu: mara wembe, mara miwani, mara soksi za sufu.

"Ziko miguuni mwako, Orvil."

"Ahaa. Si ungesema mapema?"

Walikuwa wakiishi hivyo mwaka wa tisa sasa, tangu wauze nyumba yao kule Saskatchewan, Canada, na kugawa kila kilichokuwemo, hata kengele ya mlangoni. Mabegi mawili kila mtu, nyumba ya kupanga, miezi minne hapa, sita pale, kisha safari. Sheria ilikuwa moja tu: mahali panachaguliwa kwa zamu. Aliye zamuni anachagua; mwenzake anafunga mdomo na kubeba mabegi. Verna aliiandika nyuma ya ramani kwa mkono wake, Orvil akatia sahihi.

Tatizo la Orvil ni kwamba neno hapana halimtoki. Zamu moja ya Verna ilipotea kwa sababu Orvil alikuwa ameshamkubalia mtu waliyekutana naye kwenye foleni ya benki, amtunzie nyumba na kasuku kule Belize. Nyingine ikapotelea kwa bwana mmoja mwenye boti, na boti lenyewe halikuwahi kuelea. Safari hii Verna alikuwa ameapa. Hii haipotei, hata iweje.

Alichokitaka ni theluji. Wenzao wa rika lile wanaikimbia baridi kama deni. Yeye alikuwa amechoka kuvaa kandambili mwezi wa Januari. Alitaka theluji ya kuziba mlango, jiko la kuni, na watu wa kumsalimia wakiwa wamefunga vinywa kwa skafu. Akaipata nyumba ndogo ya mbao kule Newfoundland, kisiwa cha Canada, ufukweni, kuanzia tarehe mosi Februari mpaka mwisho wa Aprili. Tiketi zilikuwa za tarehe thelathini na moja Januari. Orvil, ambaye hata asubuhi za Pátzcuaro za kuhitaji sweta kwake ni adhabu, alifunga mdomo kama sheria inavyotaka. Ndilo jambo lililopaswa kumshtua Verna.

Asubuhi hiyo ya siku kumi, walipokuwa wakinywa kahawa, Orvil alijikuna shingo.

"Verna, kuna jambo dogo."

Verna akaweka kikombe chini. Mambo madogo ya Orvil alikuwa anayajua.

Orvil akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani kati ya sukari na siagi. Kidoli cha mtoto mchanga, cheupe, ukubwa wa haragwe.

Verna hakuhitaji kuelezwa. Tarehe sita walikuwa wote kwa Doña Chayo, mwenye nyumba wao, wakila ule mkate wa mviringo wa sikukuu ya Wafalme Watatu. Kidoli huokwa ndani. Anayekipata kwenye kipande chake, tarehe mbili Februari anawalisha wote waliokuwapo tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ukapikwa kwa mvuke. Hakuna kujitetea, hakuna kuhama.

"Tarehe mbili sisi tutakuwa wapi, Orvil?"

"Ndiyo hilo jambo dogo lenyewe."

"Umekaa nacho siku kumi na tano!"

"Nilikuwa nangojea wakati mzuri."

"Watu wangapi?"

"Arobaini." Akakitazama kidoli. "Na ushee."

Verna aliinuka, akavuka ua hadi upande wa pili, jikoni kwa Doña Chayo, aliyekuwa anachambua maharagwe akiwa amenyoosha miguu juu ya kigoda. Wakati mwingine Verna huzungumza na daftari la maneno mkononi. Siku hiyo alilisahau.

"Doña Chayo, samahani sana. Tarehe mbili hatupo. Je, tupike tarehe thelathini, kabla hatujaondoka?"

"Thelathini!" Doña Chayo alicheka hadi maharagwe yakaruka. "Vernita, shoga yangu, kwenu Krismasi mnaila mwezi wa kumi na moja? Tamale za tarehe mbili ni za tarehe mbili. Lakini usihangaike, mwaya. Nirudishieni kidoli changu, yaishe."

"Kidoli chako?"

"Changu, ndiyo! Nilikiuma hivi, jino likalia ka! Kabla sijasema kitu, don Orvi akaniambia nipe mimi, wewe magoti yanakuuma, utasimamaje jikoni siku nzima. Nikamwambia lakini ninyi mnaondoka. Akasema hapana, hatuondoki, tutakuwapo. Muungwana yule! Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunioshea hata kijiko."

Verna alirudi kupitia ua ule ule, ila ulionekana mrefu zaidi. Kumbe neno hapana analijua.

Alimkuta Orvil ngazini, ramani ya Guatemala imefunuliwa magotini. Alipomwona akaikunja vibaya.

"Magoti ya Doña Chayo yanauma, eti?"

Orvil akaiweka ramani chini.

"Sema."

"Yanauma kweli. Muulize."

"Orvil Friesen, nimeolewa nawe miaka arobaini na minane. Usinichezee."

Akashusha pumzi. "Haya. Sitaki kwenda kule. Na si baridi, baridi nitavaa. Ni wewe. Unavyoziangalia zile picha za nyumba, ndivyo ulivyokuwa unaiangalia ile yetu siku tunaiuza. Ukiingia mle hutoki tena, Verna. Na mimi nikikaa mahali pamoja mwaka mzima, mtanizika."

Hata Verna mwenyewe hakujua kama ni kweli au si kweli. Hilo likazidi kumpandisha hasira.

"Kwa hiyo umeona uniibie zamu yangu. Kwa kidoli."

"Nimeichelewesha tu."

"Belize uliichelewesha. Boti uliichelewesha. Sikiliza. Umesema ndiyo, kapike. Tiketi yako naisogeza hadi tarehe nne. Yangu inabaki pale pale."

"Uende peke yako?"

"Na mabegi yangu mawili."

"Na nisipokuja?"

"Basi utakuwa umejifunza kusema hapana," Verna akamwambia, akaingia ndani kulifunga begi mara ya nne.

Tarehe thelathini na moja Orvil alimbebea mabegi hadi kituo cha basi, kwa sababu sheria ni sheria. Hawakusemeshana sana. Basi lilipotoka nje ya mji, Verna alifungua pochi yake atafute leso, akakuta wembe wa Orvil humo. Akatukana kwa sauti; abiria wa mbele akageuka.

Theluji ilikuwa kama alivyoiota. Siku ya kwanza alikaa dirishani na chai, akaiangalia inavyoshuka, akajisikia malkia. Siku ya pili mlango haukufunguka. Akachukua koleo, akatokea dirishani, akachimba nusu saa. Jioni ikaja picha kwenye simu: Orvil na aproni ya maua, uso mwekundu, mbele ya sufuria kubwa inayofuka mvuke, watu wamejaa ua mzima. Chini ameandika: "Wamekuja sitini. Unga umetosha." Siku ya tatu Verna alijigundua analisimulia jiko la kuni habari za mgongo wake.

Tarehe tano gari la jirani, mzee Cluett, lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka Orvil, amevaa mashati yake yote sita na blanketi la Doña Chayo juu yake, mkononi mfuko wa tamale zilizoganda kama mawe.

"Nimekuokotea huyu uwanja wa ndege, mpenzi," alisema Cluett, ambaye wanawake wote huwaita mpenzi. "Anasema ni wako. Kama si wako, nitamchukua, anapika."

"Samahani," Orvil akasema. Mara moja tu. Kisha akauliza wembe wake uko wapi.

Wiki zikaenda. Verna alikuwa akingoja lile alilotabiriwa limshike, ile hamu ya kutotoka tena. Alilingojea kwa woga, baadaye kwa udadisi, baadaye akasahau. Halikuja. Kilichokuja ni mafua, na koleo kila asubuhi, na ukungu wa siku tisa. Mwanzoni mwa Machi alitandaza ramani mezani akaigeuza nyuma, penye sheria na tarehe za zamu.

"Nyumba inaisha mwisho wa Aprili. Zamu yako, Orvil. Guatemala? Sema tu. Nafunga mdomo."

Orvil akajikuna shingo.

"Kuna jambo dogo."

"La."

"Cluett amevunjika mkono. Na kanisa lao linatakiwa kupakwa rangi. Si sasa, rangi haishiki baridi. Juni."

"Juni!"

"Mwanzoni. Au katikati. Na kwa kuwa ni zamu yangu, nikaona..." Akaitazama sura ya mkewe. "Nikamwambie hapana?"

Kwa miaka arobaini na minane hakuwahi kulitoa neno hilo lenyewe kama zawadi. Verna alimtazama vizuri, kuona kama anatania.

"Nenda kamwambie."

Akavaa mashati yake, akatoka. Akarudi baada ya saa nzima, theluji hadi magotini, ananukia chai na biskuti.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Juni haiwezekani kabisa."

"Akasemaje?"

"Akasema, haya bwana, hamna neno." Orvil akaziangalia soksi zake. "Ila akaomba, basi, angalau dari ya ndani. Hiyo inapakika hata Mei."

"Na wewe ukasema?"

Orvil akajikuna shingo.

Verna alichukua kalamu. Akaikata Aprili, akaandika Mei. Chini yake akaandika kwamba zamu mbili zinazofuata ni zake, zote mbili, mfululizo, pasipo kuchelewesha. Akatia sahihi, akamsukumia ramani.

"Zote mbili?" Orvil akauliza.

"Zote mbili. Unakubali?"

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angesema hapana. Orvil akavuta kalamu, akasaini.