Hapa Hakuna Kitu, Twendeni

Usiku wa jana niliota nimesimama Forodhani saa nne asubuhi, niko kazini kama kawaida, nawahesabu wageni wangu na hesabu inakataa.

Mimi ni mwongoza watalii. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja nawatembeza watu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na sijapata kupoteza mgeni hata mmoja, ukiacha yule Mtaliano aliyejipoteza mwenyewe kwa makusudi ili asirudi kwa mkewe. Kila mgeni nambandika kifuani stika ya kijani yenye namba. Stika zangu zinaishia kumi na mbili, maana kundi langu halizidi watu kumi na wawili. Nikianza nahesabu, nikimaliza nahesabu. Kazi yenyewe ni hiyo, mengine yote ni mdomo tu.

Katika ndoto wageni ni kumi na wawili na stika ni kumi na tatu. Ya kumi na tatu imeganda kwenye kidole changu, haitoki.

"Amekosekana mtu," nasema.

"Umemkosesha wewe," unasema mwavuli.

Mwavuli wangu ni wa manjano. Huwa nauinua juu ili wageni wajue pa kufuata. Sikuwa na habari kwamba unasema, lakini hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni ile sauti yake ya kibosi.

"Nani kakuuliza?" nikaujibu.

"Zuwena, hawa wananifuata mimi. Wewe kazi yako ni kunishika. Twende tukamtafute huyo mtu, na ukumbuke kwamba ziara inafungwa saa sita. Ikishafungwa, aliyekosekana ndiyo kakosekana."

"Hatarudi hotelini?"

"Hatarudi popote."

Tukaondoka.

Wageni wenyewe walikuwa wa kawaida kwa kiasi chao. Tisa walikuwa watu wasio na makuu. Wawili walikuwa masanduku ya magurudumu, mume na mke, wamebandikwa stika kwenye vifuniko. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Kiswidi, Bi Ingrid, ambaye kila akiuliza swali alirefuka kidogo. Mpaka tunafika mtaa wa kwanza alikuwa anaamkiana na watu wa ghorofani.

"Kushoto kwenu," nikawaambia, "mnaona nyumba ya tajiri wa karafuu."

Nilikosea. Nyumba ya tajiri wa karafuu iko kulia. Basi ikainuka, ikakusanya mapazia yake, ikavuka kichochoro huku ikisema "Nipisheni, nipisheni," ikaketi kushoto. Nyumba iliyokuwa kushoto ikalazimika kwenda kulia, na haikufurahi hata kidogo.

"Chunga mdomo wako," ukasema mwavuli. "Leo unachosema ndicho kinachokuwa."

Nikachunga. Tukakata kona, na kufumba na kufumbua tuko ndani ya darasa nililosomea kazi hii. Ubao uko palepale. Wageni wameshakaa kwenye madawati, na Bi Ingrid amejikunja mara mbili chini ya dari.

"Zuwena, simama," unasema ubao. "Kanuni ya kwanza?"

"Kundi ulilolihesabu asubuhi ndilo utakalolirudisha."

"Ya pili?"

"Usimsimulie mgeni kitu usichokijua."

"Unazifuata?"

"Naifuata ya kwanza."

Masanduku yakacheka kwa vifuniko. Ubao ukajifuta kwa hasira mpaka vumbi la chaki likanijaa viatuni. Kisha mlango wa darasa ukafunguka wenyewe, na nje ulikuwa mtaa wetu.

Nasema mtaa wetu kwa sababu ndiko ninakokaa na mama yangu, Bi Mwatima, tangu nizaliwe. Upande mmoja kuna kiduka cha Fundi Makame, mshonaji. Upande wa pili kuna nyumba yenye mlango wa buluu. Katikati yao ndiyo nyumba yetu. Kila siku saa nne na nusu napita hapo na wageni.

Katikati yao hapakuwa na nyumba. Wala hapakuwa na kiwanja, maana kiwanja kina majani na mbuzi. Hapakuwa na kitu kabisa, si giza wala mwanga. Paka aliyekuwa anatembea juu ya ukuta alifika pale, akatazama, akarudi kinyumenyume.

Bi Ingrid akainama kutoka huko juu aliko. "Na hapa pana nini?" akauliza, akarefuka.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini mdomo wangu una miaka kumi na mmoja ya mazoea.

"Hapa hakuna kitu," nikasema. "Twendeni."

Kile kisichokuwepo kikatanuka kidogo, kikachukua kigoda cha Fundi Makame. Fundi mwenyewe akabaki amekaa chini, cherehani iko juu ya kichwa chake.

"Zuwena! Kigoda changu!"

"Samahani, Fundi."

"Samahani ya nini? Si ndivyo usemavyo kila siku ya Mungu? Wapita hapa na wazungu wako, 'hapa hakuna kitu, twendeni, hapa hakuna kitu, twendeni.' Mie niko hapa nashona, nakusikia. Haya, leo hakuna kitu. Umefurahi sasa?"

"Mama yuko wapi?"

"Wan'uliza mie? Alikuwa dirishani."

Nikatazama ile stika kidoleni mwangu, kumi na tatu, nikajua ni ya nani.

Niseme ukweli, maana hata ndotoni sikuweza kuuficha. Nyumba yetu haina mlango wa nakshi. Uliokuwepo uliuzwa kabla sijazaliwa na mahali pake pakawekwa bati. Wageni hawapandi ndege kuja kutazama bati. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipita pale na kundi la Wafaransa, nimevaa sare mpya, najisikia mtu mbele ya watu. Mama akatokeza kichwa dirishani, akaita mbele yao wote, "Zuwena, umekula?" Wafaransa wakageuka. Mmoja akaniuliza yule ni nani na ile ni nyumba gani. Niliona haya. Nikajitia hamnazo, nikasema hapa hakuna kitu, twendeni. Tangu siku hiyo mama hakuniita tena nikipita na wageni. Na mimi sikuacha kusema.

"Saa tano na dakika arobaini," ukasema mwavuli.

"Najua la kufanya," nikasema. Kwa kweli sikujua, lakini mwongoza watalii huanza kusema kwanza, kujua huja baadaye. Nikasimama mbele ya kile kisichokuwepo, nikakohoa, nikaanza kama ninavyoanza siku zote. "Mabibi na mabwana, nyumba hii ilijengwa mwaka elfu moja mia nane sitini na tisa."

Akatokea mwanamume mwembamba, amelowa jasho, ana mkoba kwapani.

"Nyumba ipi tena?" akauliza.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwaka elfu moja mia nane sitini na tisa. Binti, nimechoka. Umeniita kwenye nyumba ya tajiri wa karafuu. Umeniita kwenye nyumba ya balozi. Umeniita kwenye hii ya mlango wa buluu, na mwenyewe aliyeijenga bado yuko hai, anakunywa kahawa pale kona. Nyumba nane! Nilikuwa na siku mia tatu sitini na tano kama wenzangu. Ningezijenga zote hizo lini?"

Mwaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku la kike, nalo halikukataa. Akatoa leso akajifuta shingo. Nilimwonea huruma.

Nikawageukia wageni. "Sijui ilijengwa lini," nikawaambia.

Miaka kumi na mmoja, na sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mgeni. Nilidhani watadai wahudumiwe na mwingine. Bi Ingrid akatoa daftari, akaandika, akasoma alichoandika kwa sauti: "Hajui." Halafu akapungua urefu kidogo, kama mtu aliyeshusha pumzi.

"Ila mlango wake naujua," nikaendelea. "Ni wa bati."

Sauti nyembamba ikatoka ndani kabisa ya kile kisichokuwepo. "Nami natajwa?"

"Nawe unatajwa. Ukifunguliwa unalia mpaka mtaa mzima unajua saa niliyorudi nyumbani. Kwa sababu yako sijapata kuchelewa."

Bati likaja, likasimama mahali pake, limeona haya, linang'aa.

"Ukifungua hilo bati kuna ngazi kumi na saba," nikasema. "Ya tatu imevunjika. Anayejua huiruka, asiyejua tunamwokota chini." Ngazi zikashuka moja moja, ile ya tatu ikija mwisho, inachechemea. "Ukutani kuna alama za urefu wangu tangu naanza kusimama mpaka darasa la saba, nilipokataa kupimwa. Juu ya alama kuna namba za simu zimeandikwa kwa mkaa, maana simu ya mama imepasuka kioo na haoni majina. Namba ya kwanza ni yangu."

Ukuta ukaja na namba zake. Mgeni mmoja akataka kuupiga picha, mwenzake akamshika mkono, akamwambia asubiri amalize.

"Na jikoni," nikasema, nikaushusha mwavuli.

"Saa sita kasoro dakika tatu," ukasema mwavuli, safari hii kwa upole.

"Jikoni kuna kawa. Nitawaeleza kawa ni nini, kwa sababu hiki nakijua. Ni kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula. Chini ya hili kawa huwa kuna sahani moja, na ni yangu. Saa nne na nusu napita hapa nasema hakuna kitu. Saa saba narudi, nafunua kawa, nakula. Kila siku. Miaka kumi na mmoja."

Nikalia, sioni sababu ya kuficha. Sanduku la kiume likafunguka likanipa taulo.

Nyumba ilikuwa imesharudi yote, na kanga tatu zimeanikwa juu ya kichochoro zinadondosha maji. Dirisha lilikuwa wazi. Dirishani hapakuwa na mtu.

"Dakika moja," ukasema mwavuli.

"Na hapa anakaa mama yangu!" nikapaza sauti, mpaka Fundi Makame akasimama na cherehani yake kichwani. "Anaitwa Bi Mwatima Khatib! Husikiliza matangazo ya vifo redioni na kumuombea kila anayetajwa, awe anamjua asiwe anamjua! Alinisomesha kwa kukaanga visheti! Siku ile aliniita mbele ya watu nikajifanya simjui. Ninamjua. Ni mama yangu."

Kichwa kikatokeza dirishani.

"Mbona wapiga kelele adhuhuri yote hii?" akasema mama. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Na hao?"

"Wageni wangu."

"Wageni wako, na umewasimamisha juani kama nguo. Waingize ndani. Na yule mwenye mkoba naye, ana jasho masikini."

Nikaruka ngazi ya tatu, nikapanda mbio. Nilipomshika mama bega, stika ikatoka kidoleni mwangu yenyewe, ikabaki kwenye kanga yake. Nikawahesabu wote wenye stika. Kumi na tatu. Mwavuli ukajikunja bila kuambiwa.

"Mama," nikamuuliza, "ulikuwa unanisikia nikipita?"

"Dirisha si huwa wazi," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Nikawa nasema moyoni, huyu mtoto iko siku atachoka, atasimama."

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Nje Fundi Makame alikuwa anagombana na mtaa mzima, anataka kujua nani kachukua kigoda chake. Sikumjali. Nikashuka ngazi, nikairuka ile ya tatu, nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nitazamie hapa begani, kuna kitu kimenigandia. Nimeamka nacho, nakibandua hakibanduki."

Nikatazama. Ilikuwa stika ya kijani. Namba kumi na tatu.

"Kiache," nikamwambia. "Mama, leo saa nne na nusu nitapita hapa na wageni."

Hakugeuka. "Si wapita kila siku."

"Leo nitasimama."

Mwiko ukatulia ndani ya uji. Kisha akaanza tena kukoroga, taratibu zaidi.

"Wangapi?" akauliza.

"Kumi na wawili."

Akanyoosha mkono kwenye kabati, akahesabu kwa kidole. "Vikombe ninavyo saba. Nenda kwa Fundi Makame ukaazime vitano. Na umpelekee kile kigoda chetu, tangu alfajiri alalamika hana pa kukaa."