Mwanamwema Ataka Kutembea

Uvumi wenyewe uliingia nyumbani kwa Mwanamwema asubuhi pamoja na Barke, yule mpaka hina, na Barke alipotoka uvumi ukabaki.

"Umesikia?" Barke alisema, hata hajakaa vizuri mkekani. "Baraza la mji linatoa fedha za matembezi."

"Matembezi ya nani?"

"Ya wasichana na wavulana, ya nani tena! Wanachonga njia huku nyuma ya mtaa, kule mchangani. Njia ya matembezi. Karatasi imebandikwa mlangoni kwa baraza, mtu yeyote anaweza kuiona."

Barke hakuwa mwongo. Alikuwa kama mpishi asiyejua mkono wake, chumvi humzidi tu. Adhuhuri njia ile ilikuwa tayari na viti. Alasiri viti vikawa vya watu wawili wawili. Kufika magharibi zilikuwa zimetundikwa taa, na taa zenyewe, kwa mujibu wa Barke, hafifu makusudi.

Na kutembea, kama mnavyojua, ni neno lenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mtu hutembea barabarani. Na mtu hutembea na mtu.

Mwanamwema alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Wenzake waliogopa vita. Yeye aliogopa vita, na homa, na miiba ya samaki, na kila kilichomo katikati. Mumewe, Khamis, alikuwa Mombasa akitafuta chumba na kazi ili awaite. Nyumbani walibaki yeye na binti yao Bushra, msichana wa miaka kumi na sita, na kuta zenye matundu ya risasi aliyoyaziba kwa chokaa mkono wake mwenyewe. Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu. Kismayu, pwani ya Somalia, ilikuwa imetulia, lakini kwa utulivu wa mtu anayevuta pumzi baina ya vikohozi viwili. Mji ulikuwa umepata baraza jipya, baraza limepata fedha kidogo za msaada, na kumbe fedha hizo ndizo zinakwenda kwenye viti vya wawili wawili!

Alijaribu kuufukuza uvumi ule. Alipoteleka wali, ulichemka nao. Aliposali, ulisimama kando yake safu moja.

"Bushra," alisema jioni, "hiyo njia ya matembezi waijua?"

Bushra alikuwa anasuuza ndoo. "Naisikia, mama."

"Basi isikie ukiwa ndani."

Bushra alifumbua mdomo, akamtazama mama yake, akaufumba.

Siku ya mkutano wanawake wa mtaa walitoka kama wanaokwenda arusini. Baraza lilikuwa likikaa katika ghala kuukuu karibu na bandari, ambalo paa lake lilitobolewa na makombora, hivi kwamba wajumbe walihamisha viti vyao kadiri jua lilivyohama. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abubakar, mtu mpole mwenye kikohozi. Katibu alikuwa Zakir, kijana wa skuli, ambaye alisimama akasoma kwa sauti ya kupendeza:

"Ombi la njia ya matembezi, kutoka nyuma ya mtaa hadi kisimani. Upana, watu wawili..."

"Wawili!" Barke alinong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi bandarini.

Palikuwa na mjumbe mmoja, Mahmudi, aliyezitaka fedha zile zijenge ukuta wa baraza, maana baraza lisilo na ukuta, alisema, ni kama bwana harusi asiye na kanzu. Alipoona wanawake wamejaa mlangoni alifurahi. "Mwenyekiti, wazazi wana haki ya kusema. Waache waseme."

Mwanamwema akasimama.

"Wazee wangu, asalamu aleikum. Mimi kisomo changu ni darasa la nne, msinicheke. Mji huu dawa hauna. Skuli imelala chini. Nanyi mwataka kuwachongea wana wetu pa kutembea! Zamani za mama zetu, mtu akitaka kutembea alijitafutia njia mwenyewe, hakungojea serikali. Mkimaliza njia mtajenga nini? Kitanda?"

Ghala zima lilicheka. Zakir akainua kalamu. "Mama Bushra, tafadhali, njia yenyewe ni ya..."

"Kaa kitako, mwanangu. Wewe hujaoa."

Hapo hata Mzee Abubakar alikohoa kwa kicheko. Mikono ikainuliwa, ukuta ukapita, njia ikaanguka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka majumbani, na Mwanamwema aliingia kwake kichwa juu kama aliyetoka kuozesha.

Bushra alikuwa amekaa na sahani ya chakula hajaigusa.

"Una nini?"

"Ni sisi tulioiomba, mama."

"Mlioomba nini?"

"Njia. Mimi na Rawda, na wasichana wote tunaoteka maji. Zakir alituandikia tu. Hilo neno matembezi ni lake, aliliona zuri."

"Njia ya kisimani si mnayo? Barabara kubwa hiyo."

"Barabara kubwa ina isbaro."

Isbaro ni gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili, na nyuma ya mapipa vijana wenye bunduki, wanaotafuna mirungi na kumtoza kila mpitaji. Mji mzima ulikuwa ukiipita, kama mtu anavyopita kando ya mbwa amjuaye.

"Mbona mwapita kila siku?"

"Na kila siku wanatutazama. Kuna mmoja mwenye nywele za hina. Zamani akiniambia abaayo, dada, haya pita. Siku hizi ananiita Bushra. Sijui nani aliyempa jina langu. Juzi ameniuliza mlango wetu una rangi gani."

Mwanamwema aliketi. Alikuwa ameogopa mambo mengi maishani, na mengi hayakumfika. Hili hakuwahi kulitia katika hesabu.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hatuna mlango. Ulipigwa kombora."

"Na mimi mamako hukuniambia kwa nini?"

"Ningekwambia ungenifungia ndani. Halafu maji angeteka nani? Wewe, na mgongo huo?"

Ndivyo hasa ambavyo angefanya. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hamwezi kupita huko nyuma bila baraza?"

"Huko nyuma wamefukia mabomu, mama. Lazima waje wale wenye vyombo vya kupima, na lazima walipwe. Fedha zilikuwa za hao."

Zilikuwa za hao, na yeye alikuwa amezigeuza ukuta.

Asubuhi yake, kabla hata ya chai, alikuwa mlangoni kwa Mzee Abubakar.

"Mwanamwema!" mzee alisema, kikombe cha kahawa mkononi. "Jana umenizimia taa, umenivunjia viti. Leo waja kufanya nini?"

"Naitaka njia, mzee wangu."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Subhanallah. Kwa sababu gani?"

Sababu ilimfika kwenye ncha ya ulimi, akaimeza. Angemwambia mzee, na mzee ni mtu mwema. Lakini mtu mwema ana mke, na mke ana mashoga. Adhuhuri jina la Bushra lingekuwa sokoni. Alasiri lingetiwa chumvi. Isingesemwa tena kwamba mwenye bunduki alimuuliza binti mlango wake. Ingesemwa kwamba binti alimwonyesha. Mji ungemwokoa na isbaro ukamla wenyewe.

"Sababu ni yangu," alisema.

"Basi ilete barazani. Tunakutana tena kabla fedha hazijatoka. Waliokusikia ukiikataa ndio wakusikie ukiitaka. Lakini njoo na neno, mwanangu. Baraza haligeuki kwa sababu mtu ameota."

Akarudi nyumbani akilitafuta neno. Aliligeuza alipofagia, akaligeuza alipofua. Kila sababu aliyoipata ilikuwa na Bushra ndani yake, kama samaki na mwiba. Bushra mwenyewe siku zile hakwenda kisimani. Waliomba maji kwa majirani, kopo hapa, kopo pale, na Mwanamwema akasingizia binti ana homa. Homa haidumu milele. Siku ya mkutano ndoo zilikuwa kavu.

Ghala lilijaa kuliko mara ya kwanza, maana watu walisikia Mwanamwema anasema tena, na mjini hapakuwa na mchezo mwingine.

"Wazee wangu," alianza, "naitaka ile njia ya kutembea."

"Makubwa!" Mahmudi aliruka. "Si wewe uliyesema wana wetu wataharibika?"

"Wana waacheni. Nataka kutembea mimi."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Wajumbe waliangukiana. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Na nani, shoga?" Mwingine akadakia, "Khamis ana habari?"

Mwanamwema aliona wazi pa kutokea. Lilikuwa jambo la maneno mawili tu: kwa miguu. Angeyasema, kicheko kingekatika, na kicheko kikikatika Mahmudi angeuliza maswali ya mtu mzima: kwa nini hasa, na barabara kubwa ina nini, na nani kakwambia. Hakuyasema. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni, mama mtu mzima aliyeheshimika mtaani miaka yote, akasimama pale pale akaacha wacheke.

"Nina mgongo, nina magoti," alisema. "Barabara kubwa ina vumbi. Naitaka njia yangu ya nyuma, asubuhi na jioni, na mwenye kucheka na acheke."

"Jioni pia!" Mahmudi alijipiga paja, machozi yakimtoka. "Mwenyekiti, mpe! Mpe kabla hajaomba na ya usiku!"

Mzee Abubakar alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kikoi. "Nani anapinga?"

Mtu mwenye meno nje hawezi kupinga. Ukuta ukaahirishwa, njia ikapita, na Zakir akaandika upesi kama anayeogopa wino utakauka. Mlangoni alikuwapo Bushra, na katika watu wote wale ni yeye peke yake asiyecheka.

Barke alimfuata Mwanamwema njiani.

"Shoga," akasema, "hukuitaka kwa ajili ya mgongo."

"Mgongo tu."

Barke akamtazama. Rawda alikuwa binti yake. "Hata mimi nina mgongo," alisema. "Na Rawda wangu naye anao."

Hilo ndilo neno pekee ambalo Barke hakulitia chumvi maishani mwake, wala hakulipeleka kwa mtu.

Wapimaji wakaja na vyombo vyao, wakatoa mchangani vyuma viwili vya kutisha, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa huku na huku. Njia ikawa nyembamba, gari la bunduki lisiweze kuingia. Wasichana wakaanza kuipita na ndoo zao, na Mwanamwema mbele yao, asubuhi na jioni, maana aliyesema anataka kutembea hana budi kutembea. Watu walimsalimu kwa kukohoa. Mahmudi alimwita Bibi Matembezi. Yule mwenye nywele za hina aliwahi kumuuliza muuza samaki kama Bushra amehama, na muuza samaki, Mungu amjaze kheri, alisema Bushra yupi.

Sasa uvumi una miguu kuliko mtu. Ule wa Mwanamwema ulifika kisiwa cha Ngumi, ukavuka cha Chovae, ukapanda boti la wavuvi wa kamba, ukashuka Mombasa, na huko ukamkuta Khamis anapata chakula. Hadi kufika, ulikuwa na viti, na taa.

Salamu zake zilirudi kwa kinywa cha nahodha, ambaye alizitoa huku akitazama pembeni: "Khamis asema, amesikia mkewe anatembea, na baraza zima limepitisha. Asema mpande chombo hiki hiki, wewe na binti. Chumba hajapata, lakini mje."

Wakapanda. Barke na Rawda nao walijibana kati ya magunia. Haikupita muda, mapigano yalirudi Kismayu, na vijana wa isbaro wakaacha barabara wakaingia majumbani.

Khamis aliwapokea ufukweni, uso umekunjwa. Alimshusha Bushra, akashusha vikapu, akamgeukia mkewe.

"Nani?"

"Nani nini?"

"Uliyekuwa ukitembea naye."

"Binti yako," Mwanamwema alisema. "Kila siku. Asubuhi na jioni."

Na Bushra, ambaye hakucheka siku ile barazani, alicheka sasa mpaka akakaa juu ya vikapu.

Basi wewe mwenye binti, epuka haya:

Kulibeba neno la jirani hadi barazani kabla hujaisoma karatasi yenyewe.

Kumwambia binti akae ndani wakati amefumbua mdomo aseme.

Kumwachia katibu ambaye hajaoa achague maneno peke yake.

Kumtajia mwenye bunduki jina, mlango, au saa ya kwenda kisimani, hata akikuita dada.

Mchanga usiopimwa, hata kama mbuzi amepita juu yake.

Barabara yenye isbaro, ikiwa ipo nyingine. Na ikiwa haipo, kunyamaza.

Kulitoa jina la mwanao mbele ya watu, pale ambapo lako latosha.