Pindo Ambalo Halikushushwa

Mimi ni fundi cherehani wa sare za shule, na kwa miaka kumi na minne nimejifunza jambo moja: mzazi atakudanganya, mtoto atakudanganya, lakini futi ya kupimia haidanganyi. Mama anakuapia kuwa mwanawe ni mwembamba, futi inasema inchi thelathini na mbili kiunoni. Mimi naamini futi. Ndiyo maana sijui nijitetee vipi kwa yale niliyowafanyia wanangu.

Ni mapacha, mabinti wa miaka kumi na moja. Wa kwanza tunamwita Bibi, maana tangu akiwa mchanga alikuwa na utulivu wa ajuza aliyekwisha kuona yote. Wa pili ni Kasuku, na hilo halihitaji maelezo. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na naapa hata usingizini anaongea. Ni chanda na pete. Nguo zao nilizoea kuzikata kwa kipimo kimoja, nikimpima mmoja tu.

Bibi alianza kuumwa tumbo. Mara ya kwanza nikampa dawa ya minyoo. Mara ya pili nikamgombeza kwa kula ovyo. Ulipofika mwezi wa sita tangu aanze kuumwa, alikuwa anakwenda chooni mara nne kabla ya kwenda shule, uso umemsawijika, na siku nilipoona damu ndipo nilipofunga duka nikamkimbiza hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mpole, msema taratibu, aina ya watu wanaonitia hofu kuliko wale wanaofoka.

"Mama, nashuku utumbo wake umevimba kwa ndani," alisema. "Kuna ugonjwa wa namna hiyo, unakaa na mtu miaka. Tukichelewa, vidonda vinauharibu utumbo na mtoto anadumaa."

"Mtampasua?"

"Hapana. Tunaanza na vipimo visivyomwingia mwilini. Damu kidogo mkononi. Kikopo cha choo, kwa sababu utumbo uliovimba unamwaga protini fulani na maabara inaipima. Kisha altrasaundi, ile ile ya wajawazito, juu ya tumbo tu. Vikiwa safi, tunatulia. Vikiwa vibaya, ndipo tunamlaza usingizi tuingize mpira wenye kamera, tuone kwa macho."

"Usingizi gani?"

"Nusu kaputi. Hatasikia kitu."

Hapo masikio yangu yakaziba. Mdogo wangu wa kiume alipewa nusu kaputi akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuamka. Wanangu wameisikia habari hiyo tangu nawabeba mgongoni. Akitajwa jirani anayekwenda kufanyiwa upasuaji, mimi sikosi kuitoa: "Hata mjomba wenu alilazwa, akalala moja kwa moja." Nilidhani nawafundisha tahadhari.

Jioni ile niliweka kikopo juu ya meza nikaomba kwa sauti, wote wawili wakinisikia: "Ee Mungu, kitoke safi. Kikitoka safi, mwanangu hapewi usingizi."

Asubuhi Bibi akaingia chooni na kikopo, Kasuku akamfuata kumsindikiza. Sikushangaa. Waliokaa tumbo moja miezi tisa watashindwaje kukaa choo kimoja dakika tano? Kikopo kikatoka kimefungwa vizuri. Nikabandika jina la Bibi, nikakipeleka maabara nimekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Ishirini na mbili," daktari alisoma siku ya tatu. "Chini ya hamsini ni sawa."

Nilipiga kigelegele palepale. Yeye hakucheka. Damu ilikuwa inaonyesha uvimbe na upungufu wa damu, alisema, na kikopo kinakana.

"Vipimo viwili vinabishana, Mama. Mlete kesho tumpige altrasaundi."

"Kikopo kimeshasema, Daktari."

Nikamshukuru, nikaondoka, na kesho yake sikumpeleka. Karatasi ya maabara niliitia kwenye droo ya cherehani, na kila hofu iliponirudia niliifungua nikaisoma tena.

Siku ya tisa tangu kile kikopo, shule zikikaribia kufunguliwa, niliwaita niwashonee sare. Nikampima Kasuku: ameongezeka inchi mbili tangu mwaka jana. Nikaandika. Sijui nini kilinifanya nimpime na Bibi. Nikaweka futi begani, nikaishusha mpaka gotini, ikasimama palepale pa mwaka jana. Nikapima upya. Palepale. Nikachukua gauni lake la zamani nikaligeuza. Mimi huacha pindo pana ili nilishushe mtoto akirefuka. Kasuku alikuwa amenijia mara mbili kulalamika kwamba magoti yako nje, nikamshushia. Pindo la Bibi lilikuwa vilevile nilivyolikunja, uzi wangu haujaguswa. Kiunoni alikuwa amepungua inchi mbili.

Mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, mimi ninayewaona watoto wa wenzangu kila siku wanavyokua.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililitambua saa ile tu. Chumba kilikuwa kimya. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni na hajasema neno tangu nianze kupima. Nikikumbuka vizuri, siku tisa zote hizo alikuwa hasemi, na mimi nilikuwa nafurahia utulivu.

"Kasuku," nikasema. "Kile kikopo kilikuwa cha nani?"

Akatazama sakafu. "Changu."

"Cha nani?"

"Changu, Mama. Wewe ulisema kikitoka safi hapewi usingizi. Mimi tumbo haliniumi. Nikajua changu kitatoka safi."

"Usimpige," Bibi akadakia. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Sikumpiga. Na nitasema kweli, aibu iwe yangu: kwa muda nilifikiria kunyamaza. Karatasi ilikuwa ndani ya droo, ina muhuri, inasema mwanangu ni mzima. Nani angeniuliza?

"Mama," Bibi akasema, "mjomba aliumwa nini kabla hawajamlaza?"

Miaka yote nimeisimulia habari ile na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Watu wakisikia sindano ya usingizi hushika mdomo, basi. Nikaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Tumbo," nikasema. "Aliumwa tumbo siku nne. Alikuwa anaogopa hospitali, akaniomba nisimwambie mama. Nikamfichia. Nilikuwa namwaga matapishi yake kabla mama hajaamka. Walipomfungua, utumbo ulikuwa umepasuka tangu juzi yake." Nikawatazama wote wawili. "Sindano haikumuua, wanangu. Zilimuua siku nne, na mimi nilizijua zote. Nimeisingizia sindano miaka ishirini na mitano."

Kasuku akaja akaketi sakafuni, akaukumbatia mguu wangu.

Kesho yake mlangoni pa choo nilisimama mimi mwenyewe. Kikopo cha kweli kilikuwa na utelezi na damu. Nilimweleza daktari yote bila kupunguza, nikisubiri anishushue. Alishusha pumzi tu, akatuma kikopo maabara, akamlaza Bibi kitandani na kumpaka jeli tumboni. Kasuku akaomba naye apimwe, "ili muone tofauti." Tukaiona. Ukuta wa utumbo wa Kasuku, milimita mbili. Wa Bibi, milimita saba. Hakuna aliyechomwa wala kukatwa. Kile kidude kilipita juu ya ngozi kama pasi, kikaonyesha nilichokikimbia.

"Sasa mpira hatuukwepi," daktari alisema. "Kesho asubuhi. Tukishajua ni ugonjwa upi hasa, tunaanza dawa."

Akaniwekea karatasi ya ridhaa mbele yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilikuwa bado sijashika kalamu. Bibi akaninyooshea mkono, jeli bado inang'aa tumboni.

"Mama, tumechelewa?"

Nilitamani kumdanganya, na maneno ya kumdanganya nilikuwa nayo tayari.

"Tumechelewa, mwanangu," nikasema. "Miezi sita yangu, na siku kumi za kile kikopo. Lakini sasa hakuna anayekufichia tena."

Nikatia saini. Nyuma yangu Kasuku alianza kumuuliza daktari kamera ina ukubwa gani, kama inawaka taa, inakataje kona huko ndani, na kesho ni nani hasa atakayemwamsha dada yake.