Vipimo vya Mke wa Kinyozi

Daktari alifungua daftari langu kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua sufuria ambayo hana hamu nayo. Akapitisha kurasa tatu, nne. Kwenye ya tano akasimama, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa tunadanganyana."

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha kupimia wagonjwa, maana kiti chake cha wageni kina mikono, na mimi na viti vya mikono tuliachana zamani. Huyu ndiye aliyeshika barua yangu. Masharti yalikuwa yamebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake: anayetaka operesheni ya kupunguza tumbo aandike kila anachokula kwa miezi sita, daktari wa kliniki akague na kusaini kila mwezi, ndipo aandikiwe barua ya kwenda kwa bingwa wa upasuaji. Bingwa mwenyewe huja Jumanne ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na mwezi wangu wa sita ulikuwa umetimia.

"Hizi namba zote ziko juu," alisema. "Unakula kama mtu anayelipiza kisasi. Halafu mnakuja hapa mnataka njia ya mkato. Haya, tumbo tumelikata. Mdomo je, nao tukukatie?"

"Nimejitahidi, Daktari."

"Kila anayekaa hapo amejitahidi."

Nikatazama vidole vya miguu yangu, vile ninavyoweza kuviona nikikaa. "Nisamehe," nikasema. "Nimekosa."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ukurasa, akasaini. "Nenda ukafunge mdomo na utembee. Rudi baada ya miezi sita."

Akanisukumia daftari likiwa wazi.

Mwanzoni macho yangu yalikataa. Niliusoma ule ukurasa mara mbili, nikausoma tena. Ulikuwa ni mwandiko wangu, mistari niliyoipiga kwa rula kama tulivyofundishwa darasa la jioni la watu wazima: Mke wa Kinyozi. Kifua 104. Kiuno 91. Nyonga 118. Mkono 58. Mfuko mmoja, upande wa kulia. Na chini yake, wino ukiwa bado unang'aa: Anakula kupita kiasi. Hana nidhamu. Hafai kwa sasa.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina madaftari mawili ya bluu yaliyonunuliwa siku moja, moja la chakula changu na moja la vipimo vya wateja. Asubuhi binti yangu alikuwa analilia kiatu kimoja kilichopotea. Nikawa navuta daftari huku, namvalisha huku, nikabeba la wateja mkononi. Kosa ni langu, sikatai. Lakini yule mtu alikuwa ameangalia nyonga za mke wa kinyozi, mbele ya macho yangu, akaona chakula. Na kilichonikausha mate hasa ni kwamba mimi nilikuwa nimeshaomba radhi.

Sikujua nilitokaje mle chumbani. Nilijikuta kwenye korido, mgongo ukutani, daftari kifuani kama mtoto mchanga.

"Vipi tena, mdogo wangu? Umepewa barua au umepewa ubuyu?"

Alikuwa Sista Haraka. Wagonjwa tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana akitembea polepole. Mizani ya kliniki inaishia kilo mia na ishirini, kwa hiyo kila mwezi ndiye aliyenipeleka stoo nyuma ya jengo, kwenye mizani ya kupimia magunia ya sabuni, na kumwambia mtunza stoo ageukie dirishani. Alikuwa na heshima ya namna hiyo.

Nikampa daftari. Akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasoma tena ule wino mwekundu, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Amesaini," alisema.

"Amesaini."

"Huyu mke wa kinyozi anajua kuwa hana nidhamu?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilipoingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso, vidole vikagusa kitu chini ya sweta la mtoto. Daftari la chakula. Nilikuwa nimelibeba pia, muda wote lilikuwa chini pale.

"Kilo tisa umeshusha," alisema Sista Haraka. "Nimepima mimi, nimeandika mimi, humohumo ndani. Rudi mle."

"Ataona nimemtega."

"Na wewe unaona nini?"

Niliona beseni.

Hiyo ndiyo sababu ya yote, wala si urembo, ingawa mama mkwe anasema nataka kujikondesha nirudi usichanani. Mimi nikilala, pumzi zinakata. Mume wangu ananitikisa, anasema amehesabu hadi ishirini na tano kabla sijavuta tena. Kwa hiyo mchana nasinzia popote, hata mguu ukiwa kwenye pedeli ya cherehani. Siku moja nilikuwa namwogesha binti yangu. Niliketi kigodani kando ya beseni, mkono wangu mgongoni mwake. Nilichokumbuka baadaye ni kofi dogo lenye maji shavuni mwangu. "Mama, amka. Mimi nimeshajiogesha." Maji yalikuwa yanamfika kiunoni. Sabuni ilikuwa imeshayeyuka nusu. Mpaka leo sijui nililala kwa muda gani, na hakuna wa kuniambia, maana shahidi mwenyewe ana miaka mitatu na anajua kuhesabu mpaka nne.

Mgonjwa aliyekuwa ndani alipotoka, nikaingia. Sikubisha hodi. Daftari la wateja nililolichukua kwa Sista Haraka nikaliweka mezani, wazi kwenye ukurasa uleule.

"Umesahau nini?" Daktari aliuliza bila kuinua uso.

"Nakuomba unisomee mstari mmoja tu. Wa juu. Kwa sauti."

"Mama, nina watu foleni."

"Mmoja tu, Daktari. Nikiusikia nitaondoka."

Akalivuta daftari kama mtu anayemkubalia mtoto mkorofi. "Mke wa Kinyozi," alisoma. "Kifua mia moja na nne. Kiuno..." Sauti ikashuka. Akaendelea kusoma kimyakimya. Nikaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka yakafika kwenye mwandiko wake mwenyewe, yakakwama hapo. Feni ilizunguka. Nje mtu alikohoa.

"Hii nini?"

"Vipimo vya mteja. Gauni lake linatakiwa kesho."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Umenitega."

"Sikukutega. Nilikosea kubeba. Ningejua, ningekuzuia mapema. Mimi nina shida ya barua, sina shida ya wewe kukosea." Nikaweka daftari la pili mezani. "Langu ni hili."

Nilidhani atalisukuma pembeni. Alilifungua, safari hii kwa mikono miwili. Akasoma mwezi wa kwanza. Yai moja la kuchemsha, chai bila sukari. Mboga bakuli moja, maharage nusu kikombe. Nimetamani mkate wa mtoto, sikula. Nimetamani tena, nimekula kipande, nimeandika. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na kilo kwa mwandiko wa Sista Haraka, na kando yake sahihi ya Daktari mwenyewe, ile inayofanana na mdudu aliyekanyagwa.

Kwenye mwezi wa tatu akaacha kufunua.

Niliujua ukurasa ule kwa moyo. Nilikuwa nimeuandika mara mbili kwenye karatasi nyingine ili usiwe na makosa. Daktari, nakuomba ushauri. Usiku naacha kupumua, mume wangu ni shahidi. Jana nilisinzia mtoto akiwa ndani ya beseni la maji. Naogopa kubaki naye peke yangu. Chini yake, kwa wino mwekundu: Sawa. Aendelee. Na ule mdudu.

Alikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na mimi. Niliona kidole chake kikipita juu ya neno sawa, taratibu, kama anayejaribu kuona iwapo litafutika.

"Mtoto alipata shida?" aliuliza.

"Hapana. Alijiogesha mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

"Siku ile nilianza kukuambia. Ukasema, andika, nitasoma."

Alitazama mlango, alitazama yale masharti ukutani, halafu akanitazama mimi. Na ninavyokumbuka, ilikuwa mara ya kwanza macho yake kunifika usoni bila kupitia tumboni. Alikuwa na uso wa mtu aliyegutuka amesinzia kando ya beseni. Nauona uso huo kila nikiangalia kioo, kwa hiyo niliujua.

"Nilikuwa nikiwaona mnaingia," alisema, "nishajua mmekula nini." Sijui kama alikuwa anazungumza na mimi.

Akavuta karatasi yenye nembo, akaanza kuandika barua. Alipomaliza akaikunja nusu.

"Naomba niisome kwanza," nikasema.

Akanipa. Darasa la jioni tulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyetuambia tusibebe karatasi tusiyoijua iendako. Nikasoma polepole, kidole chini ya maneno. Kilo tisa zilikuwepo. Miezi sita ilikuwepo. Kisha: mgonjwa anadai kwamba huacha kupumua usingizini.

"Hapa umeandika anadai."

"Ni lugha yetu ya kawaida ya barua."

"Mwenye kudai ni nani, Daktari? Mimi nakuwa nimelala. Anayehesabu ni mume wangu."

Alichukua barua. Akakata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: mumewe ameshuhudia mara nyingi. Akasaini pembeni, akapiga muhuri juu ya sahihi.

"Nitampigia bingwa leo hii," alisema. "Ni jambo ambalo lazima alijue kabla hajamlaza mtu usingizi wa dawa. Nilipaswa kuliona." Akaweka kiganja juu ya daftari la chakula. "Hili niachie mpaka kesho. Nataka kulisoma lote."

Nikamwachia, nikachukua la wateja. Mlangoni nilikutana na Sista Haraka, amesimama wima, hana haraka yoyote.

Jumanne bingwa aliniona. Mwanamke mfupi, mikono ya baridi. Alisema kwanza nipimwe nikiwa nimelala, nipewe mashine ya kunisaidia kupumua, kisha baada ya wiki sita tuzungumze tarehe ya operesheni. Hakuniahidi zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani nikaweka nepi mbili chini ya mguu wa cherehani ili isitikisike, nikamalizia gauni, binti yangu akiwa chini ya meza ananiimbia nisilale. Hiyo ndiyo kazi tuliyompa kwa sasa.

Saa kumi mke wa kinyozi alikuja kujaribu gauni. Lilimkaa sawasawa. Alijigeuza mbele ya kioo, akatia mkono mfukoni, akatoa, akatia tena, akafurahi. Kisha, kama kawaida yake, akafungua daftari langu kuhakikisha kwamba sijamwongezea kiuno.

"Fundi," alisema baada ya kitambo. "Nani kaniandikia haya?"

Kwa haraka zote za siku mbili, nilikuwa nimesahau kuung'oa ule ukurasa.

"Daktari," nikasema.

"Daktari gani? Mimi sijaumwa tangu mwaka juzi. Ameniona wapi?"

"Hajawahi kukuona, dada."

Akausoma tena, midomo ikicheza. Mkono mmoja ulikuwa umeshashuka wenyewe, ukalala juu ya nyonga yake, ukaanza kulivuta gauni lile jipya mbele ili lisimshike.

"Sasa," aliuliza kwa sauti ndogo, "amejuaje?"