Kuni za Rauno na Ndege ya Tokyo

Miaka thelathini nilipakia mizigo kwenye ndege uwanja wa Helsinki, na siku ya kwanza ya mgomo wetu naikumbuka hadi rangi ya mawingu. Sisi tumesimama kwenye theluji. Rauno, jirani yangu, akapita langoni kichwa chini, akaingia kazini. Tangu hapo ua ulio kati yetu sijauvuka. Wengine husamehe. Mimi hukumbuka.

Basi binti yangu Tuulikki aliponipigia kutoka Tokyo, miaka sita hajatia mguu nyumbani, sikuhitaji kuuliza mtu safari ni ndefu kiasi gani.

"Baba, usije kunipokea. Nipashie sauna tu. Nikishuka kwenye teksi, niingie moja kwa moja."

"Utaikuta moto. Naapa."

Tokyo hadi Helsinki ni mwendo wa saa tisa na ushee. Ndege hizo nimezipakia kwa mikono yangu. Siku ilipofika nikawasha jiko la kupashia mawe ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, nikachoma kuni zangu zote kavu, nikafunga fungu la matawi mabichi ya kujichapia mwili humo mvukeni, nikaketi barazani nikiimba.

Teksi haikuja. Kuni zikawa majivu. Zilizobaki bandani nilizikata juzi tu, mbichi, za kutoa moshi na machozi.

Kichwa cha Rauno kikachomoza juu ya ua.

"Eino! Unamchoma nani humo? Mtoto bado yuko juu ya Ncha ya Kaskazini."

"Nani kakupa habari za mwanangu?"

"Wewe! Ukishika simu kijiji kizima kinasikia." Akanyoosha simu yake yenye ramani ya safari za ndege: kindege kilikuwa kinatambaa kwenye weupe mtupu. "Anga la Urusi limefungwa, mzee. Siku hizi wanazunguka, saa kumi na tatu. Wewe bado uko enzi zile."

Nikafoka. Wakubwa wanagombana, wanafungiana hadi mbingu, na wa kuzungushwa ni watoto wetu! Rauno akangoja nimalize.

"Hotuba nzuri. Itapasha mawe?"

Nikatazama zile kuni zangu mbichi.

"Banda langu limejaa kuni kavu. Ila sirushi juu ya ua, mgongo huu mbovu. Njoo mwenyewe."

Mawe yalikuwa yanapoa, na kiapo ni kiapo. Nikapandisha mguu. Suruali ikanaswa na msumari, nikaangukia kwenye viazi vyake.

Rauno alicheka mpaka akashika mti. "Karibu, komredi! Umechelewa kuliko ndege!"

"Ndege haikukuona ukipita langoni siku ile ya mgomo."

Kicheko kikakatika. "Lango lile naliota mpaka leo," akasema, akanijaza kuni mikononi. "Shika. Hizi ndizo kavu zaidi."

Teksi ilipofika, bomba la moshi lilikuwa linafuka vizuri. Tuulikki akaniruka shingoni kama ana miaka saba.

"Baba, nimepita juu ya ncha ya dunia! Wametupa na cheti! Iko moto?"

"Gusa mlango."

Akagusa, akapiga yowe la furaha, akaingia. Nikamsikia akimwaga maji juu ya mawe na kuimba kwa sauti mbaya, ile ile ya mama yake.

Alipotoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, mawe bado yalikuwa moto. Nikageukia ua.

"Rauno! Lete huo mgongo wako mbovu!"

Kichwa chake kikachomoza. Kisha: "Niruke ua?"

"Utavunjika. Pita langoni, nikuone."

Akapita, taulo begani, kichwa juu.