Kemshafti Mbili Mikononi mwa Ezra

...Jumanne, tarehe nane Aprili, saa nne na robo asubuhi, ndiyo, saa nne na robo, maana kengele ya mapumziko ya shule ilikuwa imetoka kulia na mvua ilikuwa imekatika kidogo, hapo ndipo dunia ya Mzee Ambilikile ilipogeuka, na leo ni Juni, jua limetoka, amekaa kwenye benchi la fundi Ezra hapa Bondeni, pikipiki yake imefunguliwa matumbo, na Ezra ameshika kemshafti mbili, vyuma vya ndani ya injini vya kufungulia valvu, moja kila mkono, kama mtu anayekisia uzito wa samaki, anauliza kwa mara ya tatu, "Sasa mzee, nikufungie ipi?"... ipi, ee Bwana, zote mpya, zote zinang'aa kwa mafuta, zimekuja na basi kutoka Dar na jina la Yotamu juu ya boksi, mwanawe, mgane wa miaka thelathini na moja, kazituma mbili ili baba achague, na Ezra anaeleza polepole kama anayefundisha kipaimara, hii inafungua valvu na kuzifunga mapema, nguvu inakuja resi ikiwa chini, matopeni, mlimani, ukiwa na mzigo, na hii nyingine inaziacha wazi muda mrefu, nguvu yake iko juu, ya lami, nayo itataka springi mpya, "ukifunga hii, mzee, ukipita Ipinda watasema ndege imepotea njia," na Doreen mwenye duka la spea anacheka kutoka kibarazani kwake, "Mwache baba wa watu, Ezra, yeye anabeba vitabu vya nyimbo, habebi magendo ya Malawi"... kweli, vitabu vya nyimbo, miaka kumi na miwili mzee wa kanisa anazunguka mitaa yote juu ya pikipiki hii kubwa ya safari ndefu, aliyouziwa na daktari wa misheni alipostaafu, silinda mbili, mabegi mawili pembeni, kiti cha nyuma kipana chenye egemeo, mgonjwa angeweza kuketi pale kama kwenye kochi... usiende huko, Ambilikile, rudi kwenye kemshafti, sikiliza, Ezra anasema jambo, "Ila nikwambie ukweli, mzee, hii yako ya zamani nimeipima, haijalika hata kidogo, pikipiki inavuta kama trekta, nani kakwambia haivuti?"... nani, ni yeye, yeye mwenyewe, siku ile kwenye simu, Yotamu analia huko bandarini, anauliza, "Baba, pikipiki ilikuwepo, kwa nini hamkumpeleka hospitali?" na mdomo wake, mdomo uleule unaosoma zaburi, ukasema maneno matatu, injini haikuvuta matopeni, na mtoto akasema, "Basi, baba, usijilaumu, nitatafuta spea yenye nguvu, yasimpate mtu mwingine," akabeba magunia Jumapili kwa Jumapili, na matunda yake ndiyo haya mikononi mwa Ezra, dawa ya ugonjwa usiokuwepo... maana injini iliwaka, Bwana, unajua, iliwaka kwa mguso mmoja, na Prisca mkewe alikuwa amemshikilia mkwe wao, mke wa Yotamu, mlangoni mwa jiko, anapiga kelele, "Mpakie, baba Yotamu! Mungu haangalii ukwe!" na yeye juu ya kiti, injini inanguruma, akatazama migomba, kwa sababu miaka minne mke wa mwanawe hakuwahi kukutana naye uso kwa uso, akimwona njiani anaingia kwenye kakao mpaka apite, akisikia kikohozi chake anajificha nyuma ya ukuta na kusalimia kutoka huko, vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao, huyu hapana, na yeye alijivuna, akamsifu mbele ya wazee wenzake, mkwe wangu ana adabu ya kale, na asubuhi ile uchungu umemkaza, maji yamemwagika mpaka miguuni, bado alivuta kitenge akafunika uso, akampa mgongo baba mkwe wake, na baba mkwe akawaza, atanishika kiuno vipi, watakaotuona njiani watasemaje, akazima injini, mkono huu hapa ndio uliozima, akashuka, akaenda kwa miguu kutafuta bodaboda, nusu saa nzima, na kile kijipikipiki kilikwama mara mbili, hawakuifikia hata lami, mkwe na aliyekuwa tumboni, wakafia njiani wote wawili... "Mzee, umelala?" hajalala, anachagua, akitaja hii ya matope ameupigia uongo wake mhuri, akitaja ile ya lami ameuvika nguo mpya, akisema rudisha ya zamani, Ezra atampigia Yotamu, wanaongea kila wiki, atamwambia injini ya baba yako haikuwa na kosa, na Yotamu atauliza, kosa basi lilikuwa la nani, na Prisca, ambaye tangu mazishi anamwekea chakula bila neno, atainua macho... amesali kila alfajiri, nisamehe, Bwana, nilichelewa, kila alfajiri neno hilohilo, nilichelewa, na sasa hivi, juu ya benchi hili, analisikia jinsi lilivyooza, maana anayechelewa ni yule aliyekuwa anakuja, na yeye hakuwa anakuja, alikataa, hata mbele za Mungu amekuwa akisingizia matope, na kumbe hakuna chuma kitakachofungwa mle ndani kikamfanya awe mtu aliyempakia... "Mpe nafasi, Ezra," anasema Doreen, sasa hacheki, "mtu ana msiba, ndaga, tata, pole baba, pumzika tu," na Ezra bado amesimama, kemshafti huku na kemshafti kule, na mzee anafumba macho, kanisa lake haliwaombei waliolala, yeye mwenyewe amelifundisha hilo makaburini mara ngapi, lakini kwa walio hai hana tena neno la kweli la kusema... Bwana, mpokee Atuganile, sikuwahi kumwita kwa jina lake, namwita sasa, Atuganile, mke wa mwanangu, na mtoto wake tusiyempa jina, usiwahesabie aibu iliyokuwa yangu, na kwako asijifiche nyuma ya ukuta wowote, mwambie aje karibu, amina.